Rovu la Mzekala

Jibu la damu limerudi kutoka Kutaisi
mfukoni mwa dereva wa lori la mbao,
limekunjwa mara nne, linanuka petroli na jibini.
Nalisoma nimesimama, theluji bado begani.
Namba ya kwanza imepanda kama moshi.
Ya pili imelala chini.

Mama anatwanga: chumvi, kitunguu saumu, uwatu wa milimani.
Amevaa koti la sufi mbele ya jiko linalowaka,
na chini ya kitambaa rovu linapanda, linashuka
kila amezapo mate.
"Imesema nini?" anauliza,
kana kwamba karatasi ni mgeni aliyekataa kuketi.

Naanza kama nilivyofundishwa chuoni,
naona macho yake yanatoka dirishani,
naanza upya.

Mama, chini ya ubongo ina nyumba
tezi moja, kubwa kama punje ya njegere.
Juu yake yuko mwingine, sina jina lake la Kisvani,
kazi yake kuonja damu usiku na mchana.
Akionja upungufu, hunong'ona.
Njegere ikisikia mnong'ono, hupaza sauti mpaka shingoni:
Leta!
Na shingo huleta.
Huleta joto la vidole, mwendo wa moyo,
nywele, hedhi, hamu ya kuamka.
Vikitosha, hivyo hivyo vilivyoletwa
hupanda na damu hadi kule juu
vikawaambia wale wawili: tumefika.
Nao hunyamaza.
Hapo hapana mfalme, mama.
Anayeagiza hunyamazishwa na alichokiagiza.

"Na kwangu?"

Kwako sauti haijanyamaza miaka thelathini.
Barafu imeosha mawe yetu, mto Enguri
ukayabeba madini joto yote hadi baharini
wanakokula samaki na kucheka.
Tezi inasikia Leta! nayo mikono mitupu.
Basi inajenga chumba. Kisha kingine.
Inaongeza vinu, nafaka hakuna,
inatanuka, inatanuka, ipate hata chembe
katika kila tone linalopita.

Mchi ukasimama.
"Kwa hiyo halikuwa vivu."
La, mama.
"Wala si maji ya chemchemi ya wakwe."
La.
"Lilikuwa kazini."
Akaingiza mkono chini ya kitambaa
akalishika, taratibu,
kama amshikavyo ng'ombe aliyezaa usiku peke yake.

Halafu akacheka, mama ambaye hacheki Januari.
"Basi huyo njegere ni mimi na Mushni."
Mushni yuko Gdansk, anapakia makontena.
Mama humpigia mara tatu kila jioni tangu mavuno,
na kadiri asivyopokea ndivyo sauti yake inavyozidi,
mpaka jirani wa ng'ambo ya bonde
anajua mwanangu ana soksi ngapi. Mwanawe, nilitaka kusema;
nimemlea kaka yangu mimi pia.

Nikatoa vidonge: nusu, alfajiri, kabla ya chai.
Nikatoa chumvi ya dukani yenye madini joto.
Akainusa. "Haina harufu ya mtu yeyote."
Akaimimina yote kinuni, juu ya saumu, akatwanga.

Aprili namba ya kwanza ilishuka.
Rovu lipo. Vyumba vya miaka thelathini
havibomolewi kwa msimu mmoja,
na daktari alisema pengine havitabomoka kamwe.

Lakini Jumapili simu ililia yenyewe.
"Umekula?"
"Nimekula, mama."
"Miguu?"
"Mikavu."
Haikufika dakika. Akaiweka mezani kifudifudi,
na jioni ile hakuigusa tena.
Akavua koti la sufi, akavua na kitambaa,
akasema nyumba hii ina joto kama tanuri,
nani amekoka moto hivi,
akaenda mwenyewe kufungua dirisha.